Fundi Waya Anajibu: Ukikanyaga breki, indiketa nayo inawaka

SWALI: Fundi shikamoo. Gari yangu ni ya mwaka 1988, taa za nyuma upande wa kushoto zimenichosha. Nikiwasha paki inafifia, nikikanyaga breki ndo kituko chenyewe, paki inazima, breki inawaka kwa mbali halafu indiketa nayo inajiwakia kidogo hata sijaigusa. Balbu nimebadilisha zote, fyuzi nzima, swichi ya breki mpya, sasa kuna fundi anataka afumue waya za gari lote. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba, na usimruhusu. Ukiona taa zinachanganyana hivyo, moja inaiba kwa nyingine, karibu kila mara taa zimekosa bodi (njia ya umeme kurudi betri), waya wa moto hauna kosa.

Iko hivi. Umeme ukishapita kwenye balbu lazima urudi betri, na kwenye gari unarudi kupitia bati la bodi. Taa za nyuma za upande mmoja mara nyingi zinagawana waya mmoja tu wa kwenda bodi, ukishika kutu baada ya miaka yote hiyo ndo basi, umeme wa breki unafika pale hauna pa kutokea, unaingia kinyumenyume kwenye uzi wa paki (si unajua ile balbu ya 21/5 ina nyuzi mbili ndani) na kwenye indiketa, unatafuta bodi ya mbali huko kupitia taa zingine. Ndo maana indiketa inawaka bila kuitwa.

Kuhakikisha, tafuta kipande kirefu cha waya, ncha moja funga kwenye nega ya betri, nyingine gusisha kwenye bati la holda ya taa inayosumbua huku mwenzako amekanyaga breki na paki imewashwa. Taa zikikaa sawa palepale, umeshapata ugonjwa. Kama una mita, weka volti za DC, waya mweusi kwenye nega ya betri, mwekundu kwenye bati la holda, ila taa ziwe ZINAWAKA, maana bila umeme kupita kutu haijionyeshi na mafundi wengi wanadanganyika hapo. Ukisoma 0.1 au 0.2 hapana shida, ukisoma volti 2 au 5 ni bodi mbovu.

Kutengeneza ni spana na msasa. Fuata ule waya ndani ya buti, mara nyingi umefungwa na bolti nyuma ya kapeti, fungua, sugua bati na kile kichwa cha waya mpaka vyote ving'ae, kaza, paka grisi juu. Angalia na mpira wa taa kama unapitisha maji, kama unapitisha utarudi kusugua tena.

SWALI: Za kazi fundi, mimi taa kubwa zinawaka kama kibatari. Nataka niweke balbu za wati 100, nimeuziwa wazo na rafiki.

JIBU: Dada mrudishie wazo lake. Gari nyingi za zamani umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya pale kwenye usukani, na balbu mbili za wati 60 tu zinavuta karibu ampea 10, ukiweka za 100 swichi itaanza kunuka plastiki kabla hujafika mbali.

Washa injini na taa, pima betri, kisha pima kwenye plagi ya balbu ikiwa imechomekwa. Betri ikisoma 14 na balbu inapata 12, volti 2 zinapotelea njiani, na volti zikipungua asilimia 10 tu mwanga unapungua kama asilimia 30. Funga rilei mbili (swichi ndogo zinazowashwa na umeme kidogo ili zipitishe umeme mwingi), moja ya dimu moja ya fulu, moto utoke betri moja kwa moja kupitia fyuzi iliyokaa karibu na betri, swichi ibaki kuamrisha rilei tu. Balbu zilezile utaona zimefufuka. Ila kama kile kioo cha fedha ndani ya taa kimeshachubuka, rilei haitakusaidia, badilisha taa.

SWALI: Fyuzi ya paki inakata kila siku, nimeweka ile karatasi ya kung'aa ya sigara sasa haikati.

JIBU: Itoe leo hii, kabla hujamaliza kusoma! Fyuzi inakata kwa sababu kuna shoti, na karatasi inaacha waya uungue badala yake. Toa balbu zote za paki, halafu pale pa fyuzi unganisha balbu ya wati 21 na uwashe swichi. Shoti ikiwepo itawaka kwa nguvu, basi pita ukitingisha waya taratibu, ikizima ghafla simama hapohapo. Anza na waya zinazoingia mfuniko wa buti, zinakunjwa kila ukifungua na kufunga, zinachunika.