Pima Bomba Kabla ya Kusoma Nembo

Swali la wiki hii lilikuwa: utaitambuaje baiskeli nyepesi ya zamani inayostahili kukusanywa? Mimi hukusanya za Kiingereza, hasa zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1980, na kwa maoni yangu thamani yake imo katika fremu, wala si katika jina lililoandikwa juu yake.

Chukua mfano wa Raleigh, jina ambalo msomaji wa Afrika Mashariki amelizoea kwa sababu ya zile baiskeli nyeusi, nzito, zilizobeba mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na karakana ndogo mjini Ilkeston, Uingereza, iliyoanza mwaka 1974 chini ya Gerald O'Donovan, ambako zilitengenezwa fremu za mashindano za timu ya TI-Raleigh, timu ambayo Joop Zoetemelk aliipatia ushindi wa Tour de France mwaka 1980. Namba za fremu za Ilkeston huanza na herufi SB, na mkusanyaji anayeziona hizo herufi hana haja ya kubembelezwa. Lakini katikati ya makundi hayo mawili zipo Raleigh nyingi mno zenye usukani uliopinda na rangi za kuvutia, ambazo mabomba yake ni ya chuma cha kawaida tu.

Chuma kilichosifika zaidi Uingereza ni Reynolds 531, mchanganyiko wenye manganizi na molibdeni uliotolewa mwaka 1935. Tatizo ni kwamba kibandiko chake hununuliwa kipya hadi leo. Kwa hiyo mimi huchomoa kile chuma kinachobeba kiti na kukipima kipenyo kwa vernia, kifaa cha kupimia vipimo vidogo. Bomba la fremu linalokipokea lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6; chuma cha kiti kikiwa na 27.2, basi ukuta wa bomba ni mwembamba sana, na kuna uwezekano mkubwa kwamba mabomba hayo ni mazito miishoni na membamba katikati, kama yalivyo yale bora. Kikiwa na 26 au chini yake, kibandiko kiseme kitakavyo, mimi hupunguza bei niliyokusudia. (Fremu za Kifaransa zina vipimo vyake, msizihukumu kwa namba hizi.)

Baada ya hapo pitisha vidole chini ya bomba la mshazari na la juu, karibu na pale uma wa mbele unapoungana na fremu. Mkunjo mdogo mahali hapo ni alama ya ajali. Chuma cha kiti kilichogandia ndani kwa kutu nacho kinaweza kugharimu kazi kuliko baiskeli yenyewe.

Rangi ndiyo iliyonifunza kwa hasara. Niliwahi kununua fremu iliyong'aa kama sahani mpya, na fundi alipoikwangua akakuta bomba lililochomelewa upya chini ya rangi. Tangu hapo naipenda rangi ya kwanza, hata ikiwa imechubuka, kwa sababu haifichi kitu.

Vifaa vya Campagnolo, kampuni ya Kiitaliano ya vipuri vya baiskeli, huongeza bei, ni kweli, lakini hufunguliwa kwa spana na kufungwa kwenye fremu yoyote, na wauzaji wanalijua hilo vizuri kuliko wanunuzi.