Muulize Shangazi: "Mama anataka kujua kampuni inauza nini"

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Makorora hapa Tanga. Nilisomea kompyuta Dodoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na tangu nimalize nimekuwa nikichapa barua za watu na kutengeneza simu Ngamiani. Sasa nimepata ajira kampuni ya teknolojia Dar es Salaam, kuandika programu. Miezi sita ni ya majaribio. Kwenye usaili waliniambia "sisi hapa ni familia". Mama yangu anauza samaki Deep Sea na hajafurahi. Kila siku ananiuliza, "Hiyo kampuni inauza nini?" nami nashindwa kumjibu. Nasikia wewe umeifanya kazi hiyo miaka mingi. Ikoje hasa? Natakiwa kuripoti tarehe mosi.*
*Mwana wa Makorora*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nisalimie mama, maana swali lake ndilo kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Nitalifikia.

Niliingia kazi hii nikiwa na miaka 26. Nimekaa Dar miaka kumi na mmoja katika kampuni mbili, na hii ya tatu naifanyia nyumbani Chumbageni, kwenye meza iliyokuwa ya cherehani ya marehemu mama. Bado ina tundu la kupitishia mkanda. Siku hizi napitishia waya wa chaji.

Jambo ambalo chuoni hukuambiwa ni kwamba hutashinda kutwa ukiandika programu. Wiki tatu za mwanzo mimi sikuandika hata mstari. Nilikuwa nasoma kazi ya mtu aliyekwisha kuondoka bila kuacha maelezo, na kila kitu alikiita "data2", halafu "data2mpya", halafu "data2mpya_hii". Ni kama kuingia jiko la mke mwenza: chumvi unaijua, lakini iko kopo lipi? Nawe utasoma hivyo hivyo, tena maelezo yakiwepo yatakuwa ya Kiingereza, wakati mabishano juu yake ni ya Kiswahili cha Kinondoni.

Asubuhi kuna kikao cha kusimama. Kila mtu anasema jana alifanya nini, leo anafanya nini, amekwama wapi. Wanasema ni dakika kumi na tano. Nimewahi kusimama saa nzima, miguu ikavimba, bosi anasimulia safari yake ya Nairobi.

Halafu utaandika mistari minne, mwenzako aikague kabla haijaingia kwenye mfumo, na atakurudishia maoni tisa. Usinune. Mara yangu ya kwanza nilikwenda kulia chooni. Leo kazi yangu ikirudi haina hata neno moja naingiwa na wasiwasi, najua mkaguzi hakuisoma.

Na kuna zamu. Mfumo haujui usiku wala Iddi. Ukizimika saa nane za usiku, simu inayolia ni ya mwenye zamu. Mei 12, 2024 ilikuwa Jumapili na zamu ilikuwa yangu. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani zetu. Mimi sina habari. Nusu saa nzima natafuta kosa langu, nafungua hiki nafunga kile, jasho linanitoka. Mara hodi: jirani yangu, mtu mzima, kashika simu mkononi. "Mwanangu, mbona umeizima?" Mtaa mzima wanajua nafanya kazi "kwenye mtandao", kwa hiyo mtandao ni wangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba tatizo si langu, nikakaa chini nikanywa chai.

Lakini hayo yote utayazoea. Kitakachoamua kama utaipenda kazi au utaichukia ni siku utakayoharibu kitu. Na utaharibu, wala usinibishie.

Mimi niliharibu mwezi wa tano wa ajira. Kampuni ile ilikuwa ikituma ujumbe wa kukumbusha watu marejesho ya mikopo midogo. Jioni moja najaribu sehemu mpya, nina njaa, nikaandika "Ubwabwa umeiva, njooni", nikabonyeza. Nilidhani niko kwenye mfumo wa majaribio, kumbe niko kwenye mfumo wenyewe. Wateja zaidi ya elfu nne wakaitwa kula. Majibu yakaanza kuingia: "Wapi?" "Una nyama?" Mmoja aliandika, "Jamani nitalipa Ijumaa, msinitege kwa chakula." Nilicheka, kisha nikaanza kutetemeka.

Asubuhi mkuu wangu wa kazi aliniita, nami nimeshafungasha vitu vyangu kwenye mfuko wa rambo. Hakuniuliza kwa nini nimefanya vile. Aliuliza, "Kwa nini mfumo ulikuruhusu?" Tukakaa, tukaandika kilichotokea dakika kwa dakika, bila kutaja jina la mtu. Jioni ile ile ukurasa wa mfumo halisi ukawekwa utepe mwekundu juu, na ujumbe wa kwenda kwa wateja zaidi ya kumi ukawa hautoki mpaka mtu wa pili akubali. Wateja tukawaomba radhi. Mfuko wangu nikaufungua.

Kampuni ya pili nayo ilikuwa "familia". Kijana mmoja aliangusha ukurasa wa malipo kwa dakika arobaini. Jina lake likabandikwa kwenye kundi la WhatsApp la kampuni nzima, na bosi akaandika chini yake: "Familia haifanyiani hivi." Tangu siku ile kila mtu akawa anaficha. Kuna kosa moja la makato lilifichwa wiki mbili, mpaka wateja wakaja nalo wenyewe. Niliandika barua ya kuacha kazi mwezi uliofuata, sikungoja hata bonasi.

Kwa hiyo kabla ya tarehe mosi mpigie mmoja wa wale watakaokaa nawe meza moja, si yule wa rasilimali watu. Muulize: mara ya mwisho mfumo ulipoanguka, aliyeuangusha yuko wapi sasa? Akikusimulia huku anacheka, panda basi. Akianza kukohoa, fikiri tena.

Hayo ya familia yaache kwenye usaili, wewe soma mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5, na likizo ya mwaka ni siku 28. Uliza zamu ya simu inahesabiwaje, kwa sababu mahali pengi haihesabiwi kabisa mpaka mtu aulize. Na hiyo miezi sita ya majaribio wameipima vizuri: ukiachishwa kabla hujaitimiza, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki bado haijakufikia. Usikope pikipiki mwezi wa pili wa kazi. Bodi nayo itachukua asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, basi ukipiga hesabu ya chumba anzia kwenye kile kitakachobaki.

Sasa la mama. Anauza samaki, anajua kwamba biashara isiyoeleweka inauza nini inakula mtaji. Zipo kampuni za teknolojia zinazolipa mishahara kwa hela ya wateja, na zipo zinazolipa kwa hela ya wawekezaji. Hizi za pili zina maandazi ya bure na viti vya kuzunguka. Mwekezaji akichoka, viti vinauzwa. Sisemi usiende, nimekula maandazi hayo na nimejifunza mengi nikiyala. Ila ujue uko wapi. Waulize wazi: nani anawalipa, na anawalipa kwa kitu gani? Wakikupa maneno yenye "suluhisho" na "mageuzi" mara tatu bila kumtaja mteja mmoja, rudi uwaulize tena, kwa sauti ya mama.

Wakikujibu vizuri, mweleze hivi. M-Pesa ilianza hapa nchini 2008, na siku mama alipopokea hela ya samaki kwa simu kwa mara ya kwanza akawa mteja wa teknolojia. Yale makato anayoyalalamikia ndicho kinachouzwa. Wewe unakwenda kuwa mmoja wa wanaohakikisha hela imefika. Ataelewa, na atakulaumu kwa makato.

Ukiondoka stendi ya Kange, kompyuta ipakate, usiiweke kwenye buti la basi. Ya kwangu ilifika Ubungo inanuka ng'onda, na mwaka mzima ofisini walikuwa wakiuliza nani kaleta samaki.