Re: Nyanya zilizopata joto kwanza, mbona zilivumilia friji?

Mkuu, unashangaa nyanya mbichi ulizozisahau stoo yenye joto kali zilivumilia friji, ilhali nyingine zilizoingia moja kwa moja zilitoka na madoa, zikagoma kuiva. Lile joto liliziamsha zitengeneze protini za mshtuko wa joto. Kazi yake ni kushika protini nyingine zisijikunje vibaya na kugandana, na hubaki hata tunda likienda baridini. Maabara walishajaribu: nyuzi 38 kwa siku 2 hadi 3, kisha nyuzi 2, na nyanya ziliiva vizuri baadaye. Mojawapo ya protini hizo, iitwayo HSP21, hulinda kloroplasti (vijisehemu vya kijani ndani ya seli) na kusaidia rangi kugeuka. Ila usizidishe; zikikaa juu ya nyuzi 30 muda wote, wekundu haukolei, utaambulia manjano tu.