Kwa wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni kwa baiskeli za umeme Jambiani

Msimu wa kusi, upepo wa kusini, umeanza, wageni wamejaa kutoka Michamvi mpaka Makunduchi, na makosa yaleyale ya miaka yote yamerudi. Wiki hii nimemwona kijana mpya anashuka pwani na wageni wanne saa 7 mchana, siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, anaelekea upande wa kuta za mahoteli. Nikamwita. Akanijibu bila wasiwasi kwamba maji yanajaa saa 10. Jibu lile nalijua, na ndilo lililonifanya nikae niandike. Mambo ya kufunga betri, kuwasha skrini na kurekebisha kiti mmeshafundishwa, siyarudii.

1. Tazama upepo kabla hujapanga njia. Kusi linapovuma, ukitoka Jambiani na wageni ukaanza kwa kushuka Paje, kaskazini yetu, mtaruka kama mna mbawa, kila mmoja atakusifu. Kurudi ndiko kwenye kazi. Upepo usoni, jua kichwani, wageni wamechoka, kila mtu ameweka msaada wa mota namba 5, na betri iliyoonyesha robo tatu pale Paje inaonyesha alama nyekundu hata nyumba za Jambiani hamjaziona. Anza kusini, elekea Makunduchi betri ikiwa imejaa, upigane na upepo asubuhi, urudi umeupa mgongo. Kaskazi, upepo wa kaskazini, likiingia, Disemba mpaka Machi, geuza njia. Nashangaa kila mwaka kuona vijana waliozaliwa hapahapa, ambao baba zao hawawezi kutia ngalawa majini bila kutazama upepo, wanasahau upepo mara tu wakipewa kitu chenye betri.

2. Baiskeli zetu hazina sauti. Pikipiki bibi anaisikia tangu iko barabara ya lami, anasogea. Wewe na wageni wako sita mnamfikia mgongoni kilomita 20 kwa saa na hajasikia kitu. Vichochoroni namba 1 tu, kengele kabla ya kila kona, na mzee yeyote aliye mbele yako shuka umsalimie, usimpite mbavuni. Kile kitufe cha kidole gumba kinachoendesha baiskeli bila kukanyaga pedali, wakatazeni wageni kukigusa wakiwa ndani ya kijiji.

Na muwaeleze wageni jambo moja ambalo naona mnaliruka. Nyingi za baiskeli zetu mota yake inahisi pedali inazunguka, haihisi nguvu ya mguu. Mgeni akizungusha nusu mzunguko tu inaamka, akiacha inachelewa kidogo kulala. Sasa mtazame akifika kwenye kona ya mchanga mwepesi. Gurudumu la mbele linazama, anasita, mguu unasukuma pedali ili asianguke, mota inaamka, na mgeni yuko ndani ya ua wa makuti wa mtu. Dawa yake ni vidole viwili juu ya breki muda wote, kwa sababu ukishika breki umeme unakatika palepale. Wafanyishe zoezi hilo kwenye uwanja mpana kabla hamjaondoka, kila mmoja, hata yule anayesema kwao ana baiskeli tatu. Huyo ndiye wa kumwanzia.

3. Wengi wanatoka nchi za kupita kulia, kwa hiyo kila mnapoingia lami rudia neno kushoto, na uwaulize wamezoea breki ya mbele mkono gani: Mwingereza huwa kulia, Mjerumani na Mfaransa huwa kushoto.

4. Maji. Hapa naomba mnivumilie.

Jedwali la maji mnajua kulisoma. Tatizo mnatoka na saa moja tu, ile ya maji kujaa, mkidhani mpaka ifike saa hiyo pwani ni yenu. Saa ile ni ya maji kufika kikomo chake, njia ya baiskeli imeshakwisha zamani. Tena maji hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda kidogo, ya mwisho kabla ya kujaa vilevile kidogo, lakini saa ya tatu na ya nne pekee zinabeba nusu ya kimo chote. Bamvua ya kwetu maji hupwa kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 jioni, na tofauti yake inakaribia mita 4. Pigeni hesabu wenyewe. Karibu mita 2 zinapanda kati ya saa 6 na saa 8 mchana, wakati hasa ambao wageni wameshiba pweza wa nazi na wanaomba kurudi kwa njia ya bahari.

Nilikuwa mgeni wa kazi kama nyinyi. Nilikuwa na watu sita, wawili kati yao mume na mke wazee. Asubuhi tulipita pwani raha mustarehe, mchanga mgumu, maji yamekwenda zake huko kwenye mwamba. Tukala, tukachelewa, kwa kuwa yule mzee alipenda kuuliza na mimi nilipenda kujibu. Saa 7 na nusu tukashuka. Mama mmoja alikuwa anatoka kwenye mwani, gunia kichwani, maji yanamchuruzika mgongoni. Alinitazama mimi, wageni hakuwatazama, akasema, "Mwanangu, maji hayo yanakuja, piteni juu." Nikamjibu, "Bado, mama, yanajaa saa kumi." Nilimjibu kwa adabu na sikumsikiliza. Mtu anaingia kwenye maji yale tangu sijaanza skuli, na mimi nikamsomea saa ya kwenye simu.

Mpaka ukuta wa kwanza tulikwenda vizuri. Mbele ya ukuta wimbi halina pa kupumzikia, linapiga na kurudi, na likirudi linachota mchanga chini ya gurudumu. Ule mchanga mgumu wa asubuhi ukawa uji. Baiskeli zikaanza kuzama, na mimi, badala ya kugeuka, nikawa naita twendeni, twendeni, tumekaribia. Kosa kubwa ni hilo, kuliko hata lile la saa. Kulikuwa na ngazi ya mawe kati ya ukuta wa kwanza na wa pili. Niliiona. Nikaipita kwa sababu niliona aibu kuwapandisha wageni kwenye ua wa hoteli ya watu.

Katikati ya ukuta wa pili maji yalikuwa magotini, na mbele yetu mapajani. Baiskeli moja ina kilo 25, na maji yakishafika kwenye matairi yale mapana wimbi linaisukuma kama ubao. Yule mgeni mke wa mzee hakuiachia ya kwake. Hakuiachia kwa sababu asubuhi mimi mwenyewe niliwaambia, kwa kujigamba, kwamba baiskeli hizi ni ghali mno. Wimbi likaisukuma, ikamwangusha juu ya jiwe la matumbawe, goti likapasuka. Mumewe alikuwa hatua chache nyuma, baiskeli yake imemlalia kwenye ukuta, anamwita mkewe kwa jina na hawezi kumfikia.

Waliotutoa ni akina mama wa mwani na vijana wawili waliokuwa wanavuta ngalawa. Walipanga mstari, wakazipitisha baiskeli mkono kwa mkono mpaka kwenye ngazi ileile niliyoipita. Mama aliyenionya alivua kanga yake ya juu, akamfunga mgeni goti, akamshika mkono mpaka gari ilipofika. Hakunikumbusha alichoniambia. Angenigombeza ningepata nafuu. Jeraha lilishonwa, na mzee yule hakusema nami neno lingine mpaka wameondoka Unguja. Jioni nilikwenda nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi. Akanikaribisha chai, akaniuliza kama mgeni ameweza kula.

Baiskeli tatu hazikuwaka tena. Fundi alipofungua mota za magurudumu ya nyuma yalitoka maji ya rangi ya chai. Yanaingia pale waya unapopita ndani ya ekseli. Chumvi inakaa juu ya shaba, inakula vile vitambuzi vidogo vinavyoiambia mota imefika wapi, beringi zinashika kutu kwa siku chache. Kwa hiyo mkisikia baiskeli hizi hazipitishi maji, hiyo ni mvua na dimbwi, si bahari kufika ekseli.

Tangu hapo siku za bamvua nahesabu saa mbili tu baada ya maji kupwa, zikiisha napita njia ya ndani, hata kama bahari bado inaonekana mbali. Akina mama wakianza kutoka kwenye mwani, na mimi natoka. Ngazi zote za kuta nimezijua, na nimekwenda kuomba ruhusa kwa walinzi mmoja mmoja. Na kila asubuhi nawaambia wageni: likitokea lolote, achia baiskeli. Msipokuwa na jedwali, tazameni kalenda ya Kiislamu msikitini. Mwezi mwandamo na mwezi wa kumi na nne au kumi na tano, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Tarehe saba au nane, na ishirini na moja au ishirini na mbili, ni maji mafu, yanapanda na kupwa kidogo.

5. Salamu kwanza, maelezo baadaye. Naona mnafika kwa mama anayepiga usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, mnasimamisha baiskeli kumzunguka, mnaanza kueleza kwa Kiingereza jinsi makumbi yanavyofukiwa kwenye mchanga wa bahari kwa miezi mpaka yalainike, na yeye amekaa hapo katikati yenu, hajui hata anasemwa nini. Shuka. "Asalaam aleikum, shikamoo mama, habari za kazi, nimekuja na wageni, wanaomba kuona." Akisema leo hapana, ni hapana, mnaendelea. Akisema karibu, muulize kwa Kiswahili mbele ya wageni kisha uwafasirie anachojibu, maana yeye anajua zaidi yako. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kwa nini mwani mnene umepungua, nami nilikuwa na jibu langu tayari, lakini mama akaeleza jinsi kottonii, ndio huo mwani mnene, ilivyokuwa ikigeuka nyeupe, ikilainika na kukatika kwenye kamba maji yakipata joto, na jinsi walivyobaki na spinosam, aina nyingine ya mwani, inayostahimili zaidi na kulipa kidogo. Mwani wa biashara umeanza Unguja mwaka 1989. Yeye alikuwepo. Hakuna jedwali la kampuni linalokupa habari hiyo.

Picha ni vivyo hivyo, aombwe yeye, kwa maneno, si kwa kuinua simu na kutabasamu. Na mabega na magoti ya wageni yafunikwe kabla hamjaacha pwani; beba kanga mbili kwenye begi, usimwaibishe mtu njiani.

6. Pancha kwenye gurudumu la mota: usilivue. Toa tairi upande mmoja, vuta tyubu, sikiliza panapovuja, bandika kiraka, rudisha. Spana ya nati za ekseli beba hata hivyo.

7. Pipi na kalamu kwa watoto, hapana. Mgeni mwenye moyo wa kutoa mpeleke kwa mwalimu mkuu wa skuli.

8. Ijumaa kuanzia saa 6 mpaka saa 8 mchana msipite mbele ya msikiti kwa kundi, na Ramadhani wageni wanywe maji yao pembeni.

9. Mkirudi, osheni baiskeli kwa maji ya ndoo yasiyo na chumvi na kitambaa, siyo mpira wenye presha, kwa kuwa presha inasukuma chumvi mle ndani mnamotaka kuiondoa. Kausha, cheni itie mafuta. Betri iliyotoka juani usiichaji palepale, iache kivulini ipoe. Umeme ukikatika usiku na kurudi kwa kishindo, chaja ndiyo inayoumia, kwa hiyo usilale ukaziacha zote kwenye kebo moja ya ukutani, ziwekee kilinda umeme.

10. Fedha ya mama wa usumba na ya mama wa mwani mpe mwenyewe mkononi, wageni wakiona, kabla hamjapanda baiskeli. Isiwe ahadi ya jioni, wala ya mwisho wa wiki wakati ofisi itakapolipa. Jioni ana watoto wa kulisha, na kesho asubuhi mtasimama tena mlangoni kwake mkibisha hodi.