Tarehe ya picha kupotea baada ya kuhariri

Dada, umeuliza kwa nini picha za harusi ulizozikata na kuziongezea mwanga zinaingia kwenye albamu kwa tarehe ya leo badala ya siku zilipopigwa. Picha yenyewe haina shida. Tarehe, aina ya kamera na mahali vimo kwenye EXIF, sehemu ya faili inayoweza kuachwa nje programu inapotengeneza JPEG mpya.

Kama unatumia GIMP, programu ya kuhariri picha, angalia dirisha linalofunguka unapotoa JPEG: kuna visanduku vya EXIF, na vya XMP na IPTC, ambazo ni aina nyingine za taarifa zinazobebwa ndani ya faili ya picha. Viwekee tiki. Photoshop nayo ina kipengele cha metadata (taarifa hizo hizo kuhusu picha) wakati wa kutoa picha, na watu wengi hukipita bila kukisoma.

Picha zilizokwisha kupoteza tarehe zinaokoleka, mradi faili asili unazo. Pakua ExifTool, programu ya bure ya kusoma na kubadilisha taarifa hizi, kisha andika kwenye dirisha la amri la kompyuta (asili.jpg ni faili asili, mpya.jpg ni uliyoihariri):

exiftool -TagsFromFile asili.jpg -all:all --Orientation mpya.jpg

Hicho kipande cha --Orientation, kinachozuia kunakili mwelekeo wa picha asili, usikiache. Ukikiacha, picha uliyoigeuza mwenyewe inaweza kugeuzwa tena na kulala ubavu. ExifTool hubakiza nakala yenye jina linaloishia na _original, kwa hiyo jaribu bila wasiwasi.

Lakini ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, EXIF inafutwa. Tuma kama hati. Na zile za nyumbani kwa bibi harusi unazotaka kuweka hadharani, ziondolee GPS (taarifa za mahali zilipopigwa) kwanza: exiftool -gps:all= mpya.jpg