Jamani, mjue meya wa mji wenu kabla ya kumjua rais

Wadau mliopo Marekani, hasa nyie wa Texas, nawaambia hili kwa uzoefu, mi nimekaa Dallas kabla ya kuhamia Houston na huku nimejitolea kwenye kampeni za mji, kugonga milango ya watu na lile jua la Texas mnalijua wenyewe. Milango mingi ya wenzetu naona kitu kilekile, habari za rais wanazo zote mpaka usiku wa manane ila jina la meya hawalijui, na mitaro, takataka na polisi wa mtaani ni mambo ya mji sio ya Washington.

Kwanza uliza mji wako unaendeshwaje. Dallas meya ana kura moja tu kati ya 15 kwenye baraza, kazi za kila siku zipo kwa meneja wa jiji, Mtanzania ataelewa haraka maana kazi yake inafanana na ya mkurugenzi wa jiji nyumbani, ila huyu anaajiriwa na kufukuzwa na baraza lenyewe. Houston ni habari nyingine, meya ndo bosi, anateua wakuu wa idara mpaka mkuu wa polisi halafu baraza linathibitisha, na miaka yote ajenda alikuwa anaipanga yeye mpaka wapiga kura wakabadilisha 2023, sasa hivi madiwani watatu wakiungana wanaingiza jambo lao. Kwa hiyo Dallas usiishie kwa meya, mbane diwani wako.

Na wewe kijana unayetaka kugombea siku moja, msome Sylvester Turner, aliyekuwa meya wa Houston. Mtoto wa Acres Homes hapahapa Houston, baba mpaka rangi, mama mhudumu wa hoteli, akasoma sheria Harvard, akaingia bunge la Texas 1989. Akagombea umeya 1991 akashindwa, 2003 akashindwa tena, na muda wote huo alibaki kwenye kiti chake cha ubunge akiwatumikia watu wake, mpaka 2015 akashinda duru ya pili kwa kura kama 4,000 tu kati ya laki mbili na zaidi. Mwaka wake wa pili ofisini kikaja kimbunga Harvey na mafuriko yake. Yaani kura 4,000 ndo ziliamua nani ashike mji wakati wa mafuriko yale, halafu mtu anakwambia kura yake haina maana!

Ila tafadhali, kama hujawa raia USIJIANDIKISHE kupiga kura hata mtu akikuletea fomu mlangoni, ni kosa la jinai na unaweza kurudishwa kwenu. Mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) kujitolea kwenye kampeni bila malipo ruksa. Mkishakuwa raia jiandikisheni angalau siku 30 kabla ya uchaguzi, uchaguzi wa meya Houston ni Novemba 2027, na kabla ya hapo baraza linasikiliza wananchi siku za Jumanne, unajiandikisha kuongea, unataja mtaa wako na shida yako, dakika zako chache zinatosha.