Mtoto mwenye sindromu ya Down: acheni kutafuta wa kulaumiwa, mpimeni moyo

Dada yangu wa Chamwino, umesema umejifungua mtoto wa kwanza ukiwa na miaka 23, hospitali wamekwambia ana sindromu ya Down, yaani hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza, na mama mkwe anadai ni damu ya kwenu au ni zile sindano za uzazi wa mpango. Unataka kujua chanzo hasa ni nini, na kama mtoto wa pili naye atazaliwa hivyo. Mimi ni baba wa binti mwenye hali hiyohiyo, tunaishi hapa Dodoma mjini na sasa yuko shule ya msingi. Si daktari. Haya nimeyapata kwa kuwauliza madaktari bila kuchoka na kwa kumlea mwanangu.

Nianze na chanzo, maana hapo ndipo ndoa nyingi zinapovunjikia. Ndani ya karibu kila seli ya mwili wa binadamu kuna kromosomu 46, zile nyuzi ndogo zinazobeba urithi wetu, yaani jozi 23, nusu za mama na nusu za baba. Yai la mama linatakiwa kubeba kromosomu moja tu kutoka kila jozi. Wakati mwingine ile jozi ya 21 haiachani, yai linabeba zote mbili, na mbegu ya baba ikija na ya kwake mtoto anakuwa nazo tatu. Jumla 47. Kwa watoto kama 95 kati ya 100 wenye hali hii, ndivyo ilivyokuwa, na mara nyingi jambo lenyewe limetokea kabla hata mimba haijatungwa. Kwa hiyo ulichokula, ndoo ulizojitwika, ugomvi na jirani, ile sindano, hakuna hata kimoja kilichohusika. Wala si laana wala mizimu. Na baba asijitoe, kwa sababu mara chache kromosomu ya ziada hutoka kwenye mbegu yake.

Mbona basi huwa wanasema ni watoto wa akina mama wenye umri mkubwa? Mayai ya mwanamke hutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha hukaa miaka yote hiyo yakingoja kumaliza kugawanyika. Kadiri yanavyokaa, ndivyo uwezekano wa jozi kutoachana unavyoongezeka. Kwa mama wa miaka ya ishirini na kidogo ni kama mtoto 1 kati ya 1,500, akifika miaka 35 ni kama 1 kati ya 350, na akiwa na 40 ni kama 1 kati ya 100. Lakini wanaozaa kwa wingi ni vijana, ndiyo maana watoto wengi wenye hali hii wana mama walio chini ya miaka 35 kama wewe. Wanazaliwa kwa Wagogo, Warangi, Wahindi, Wazungu, kwa tajiri na kwa maskini, wa kike na wa kiume. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliwaeleza mwaka 1866, lakini ile kromosomu ya ziada ilikuja kujulikana mwaka 1959 huko Ufaransa. Karibu miaka mia nzima wazazi walilaumiwa bila mtu kuwa na ushahidi wowote mkononi.

Kuhusu mtoto wa pili: wengi mno huzaliwa bila hali hii. Kwa mama kijana ambaye mwanawe ana ile aina ya kawaida niliyoeleza, uwezekano wa kujirudia ni kama 1 kati ya 100. Kuna aina nyingine, kama watoto 3 au 4 kati ya 100, ambapo kipande cha kromosomu 21 kimejishikiza kwenye kromosomu nyingine. Hiyo tu ndiyo inaweza kurithiwa, kutoka kwa mama au kwa baba ambaye mwenyewe ni mzima kabisa. Mwombe daktari wa watoto akuelekeze kipimo cha damu cha kromosomu. Ndicho kinachotofautisha, na ndicho kitakachomaliza ubishi wa damu ya nani.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike kirefu hivi. Hujasema kama mtoto amepimwa moyo. Kwetu, binti yangu alipozaliwa, kulikaliwa vikao vya ukoo kujadili nani kasababisha. Mmoja alimtaja mke wangu, mwingine akamtaja marehemu bibi. Wakati wanabishana, mtoto ananyonya kidogo anaacha, jasho linamtoka kipajini, anahema mbio, uzito kwenye kadi ya kliniki hausogei. Hakuna kikao kilichouliza hayo. Daktari mmoja wa watoto ndiye aliyesema mpelekeni akapigwe eko, yaani kipimo kinachoonyesha picha ya moyo kwenye skrini, na eko ikaonyesha tundu kwenye moyo. Akaanzishiwa dawa, baadaye akapata rufaa ya upasuaji Dar es Salaam, na leo anakimbia kuliko kaka yake.

Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na tatizo la moyo. Nusu! Na daktari anaweza kuweka kipimo kifuani asisikie kitu, kwa hiyo usikubali kuambiwa mbona anaonekana mzima. Kila mtoto wa aina hii anastahili eko mapema, hata kama hana dalili. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ina huduma za moyo, huna haja ya kuanzia Dar. Matatizo mengine ya moyo yakicheleweshwa huharibu mishipa ya mapafu, na kufikia hapo upasuaji hauwezekani tena. Kila wiki inayoishia kwenye kikao cha ukoo inamgharimu yeye.

Baada ya moyo, masikio na macho, kwa sababu maji hukaa nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto asiyesikia hawezi kujifunza kusema. Kwa mafua ya msimu wa upepo na vumbi letu hili, usipuuze. Halafu damu ya kupima thairoidi, ile tezi ya shingoni inayosaidia ukuaji, angalau kila mwaka. Akishindwa kunyonya vizuri ni kwa sababu misuli yake ni milegevu, siyo kwamba hakutaki. Mkamulie umnyweshe kwa kikombe kidogo, na uombe wakuonyeshe mazoezi ya viungo. Atachelewa kukaa na kutembea. Wengi hutembea karibu na miaka miwili, wengine zaidi. Wangu alichelewa, akatembea.

Shule ipo. Binti yangu anasoma kwenye shule ya msingi ya serikali yenye kitengo cha elimu maalumu, anaandika jina lake, anajua kuhesabu chenji akitumwa dukani, na kwaya ya kanisani haanzi mtu kuimba kabla yake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wengine, kwa hiyo mwalimu mkuu akikwambia hana nafasi nenda kwa afisa elimu kata. Usimfiche ndani wageni wakija.

Ukienda kliniki, nenda na shemeji, na mama mkwe kama atakubali, amsikie daktari kwa masikio yake. Mama yangu mzazi alinyamaza siku ile alipoonyeshwa moyo wa mjukuu wake kwenye skrini, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akikumbusha saa za dawa. Majibu ya eko yakitoka yaandike hapa. Humu kuna wazazi ambao watoto wao wamefanyiwa upasuaji, watakueleza rufaa na bima zinavyokwenda.